Picha za viwanda vya kale zisichapishwe bila maelezo

Mhariri,

Ukurasa wenu wa picha wa wiki iliyopita ulinifurahisha na kuniudhi kwa pamoja. Picha za maghala na viwanda vya zamani kando ya mto, zilizopigwa alfajiri, ni nzuri, sibishi. Lakini chini yake mmeandika "Mandhari ya asubuhi", basi. Jengo lile lilikuwa likitengeneza nini? Picha ni ya mwaka gani, imepigwa kutoka ukingo upi? Msomaji haambiwi. Nimefanya kazi ya boila, mtambo wa kuchemsha maji yatoe mvuke, kiwandani hadi kustaafu, na siku hizi hufuatana na vijana wenye kamera kwenda maeneo ya namna hiyo, ndiyo maana naomba nafasi.

Vijana hao nawasifu. Wanaamka gizani kwa sababu maalumu. Maji ya mto hutunza joto la mchana wakati hewa inapoa usiku, na mvuke unaopanda hugeuka ukungu unaolala juu ya maji mpaka jua lipate nguvu. Ukungu huo huficha nyaya, mabango na magari, likabaki umbo la jengo na bomba lake la moshi. Wanajua pia kwamba weupe wa ukungu huihadaa kamera ikautoa kijivu, kwa hiyo huongeza mwanga kidogo kuliko kamera inavyotaka. Na atakayeitoa kamera kwenye gari lenye kiyoyozi na kuiingiza kwenye unyevu ule, lenzi itafunga ukungu palepale. Asubiri ipate joto, asiifute kwa shati. Hayo nimejifunza kwao.

Kwangu wanajifunza kuangalia. Wengi wakifika husimama upande wa barabara kwa kuwa ndiko kwenye geti, kumbe viwanda vingi vya kale vililijengea geti mgongo na kuupa mto uso. Richard Arkwright alipoanzisha kinu chake cha kusokota pamba huko Cromford, Uingereza, mwaka 1771, alikuwa amefuata maji ya kuzungushia mitambo. Injini za mvuke zilipokuja, boila nazo zikataka maji, na mizigo kwingi ikaendelea kuja kwa mashua. Kwa hiyo vuka daraja, ulitazame jengo kutoka ng'ambo.

Tulipofanya hivyo majuzi, binti mmoja aliona mlango ghorofa ya tatu unaofunguka hewani, hauna ngazi wala roshani. Akaniuliza, "Mzee, huu ni wa kwenda mbinguni?" Nikamwambia aangalie juu yake. Palikuwa na boriti ya chuma iliyochomoza ukutani, na kwenye ncha yake kapi lenye kutu. Mashua ikifunga chini, kamba hushuka, mzigo hupanda na kuvutwa ndani kupitia mlango ule. Alipoivuta picha karibu kwenye skrini, kizingiti cha jiwe kilionekana kimelika katikati, na matofali ya chini yake yamekwaruzwa kwa magunia ya miaka mingi. Ndiyo picha iliyomtoka vizuri kuliko zote, tena haina rangi ya machweo wala mawio.

Vile vyuma vyenye umbo la X au S ukutani navyo, kijana mwingine alidhani ni mapambo. Ni vichwa vya nondo zinazopita ndani ya jengo kutoka ukuta hadi ukuta, zikizishika kuta zisifunguke. Na bomba la moshi halikujengwa refu kwa ajili ya kutupa moshi mbali tu. Hewa ya moto ikipanda ndani yake huvuta nyingine ipite kwenye tanuri, na bomba refu huvuta zaidi. Moto wa boila ulitegemea hilo.

Mambo kama haya hayaonekani kwenye picha mpaka mtu ayaandike. Bernd na Hilla Becher, mke na mume wa Ujerumani, walianza mwaka 1959 kupiga pamoja picha za minara ya maji, matanuri ya chuma na mitambo ya migodini. Walipenda siku za mawingu ili kivuli kisifiche umbo, na wakazitambulisha picha zao kwa aina ya mtambo, mahali na mwaka. Mitambo mingi kati ya hiyo imebomolewa, lakini ukiikuta leo kwenye picha zao unajua unachokitazama.

Naomba basi, Mhariri, kila picha ya aina hii iwe na mambo manne: mahali, mwaka, kilichotengenezwa hapo, na upande ilikopigwa. Mpiga picha akiongea na mlinzi, ambaye ni lazima aombwe ruhusa hata hivyo, nusu ya majibu atayapata getini. Na muache kuwaondoa kwenye picha wachukuzi na mafundi wanaoanza kazi saa kumi na mbili. Mnalionyesha eneo hilo kama gofu tupu ilhali watu wamo kazini.

Nimeambatanisha picha chache za vijana wangu, kwa ridhaa yao, pamoja na maelezo. Nafasi ikiwa finyu, chapeni ile ya mlango wa ghorofani.

Fundi boila mstaafu