Rehema, zimebaki pepa mbili

Tabata, Dar es Salaam
2 Februari

Rehema wangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unasema uhasibu basi, unaenda kuuza vitenge na mama. Biashara ya mama ndiyo iliyokusomesha, siidharau. Lakini mbona hukutaja hata moja kati ya pepa za CPA, ile mitihani ya taaluma ya uhasibu, ulizofaulu? Hizo ni zako tayari. Mei utakaa kwa ukaguzi na hesabu za makampuni tu.

Hizo hesabu za makampuni ziliniangusha na mimi, mara mbili. Jumamosi nilikuwa naenda darasa la riviu, mwalimu anakokotoa ubaoni, mimi nanakili. Nyumbani nasoma majibu ya mitihani iliyopita kama hadithi, na kila kitu nakielewa. Kufika kwenye chumba cha mtihani, kampuni mama imenunua asilimia 80 ya kampuni tanzu katikati ya mwaka, bidhaa walizouziana bado zimo ghalani na faida yake, na mkono hauendi.

Nikabadilisha. Saa kumi alfajiri, kabla watoto hawajaamka, swali moja zima kwa kalamu, muda nimeuweka kwenye simu, kitabu cha majibu kiko chumba kingine. Nikikwama, nakaa hapohapo mpaka muda uishe. Wiki za kwanza nililia, Rehema. Baada ya miezi mitatu fungu la wanahisa wachache, wenye ile asilimia 20 iliyobaki, nalitoa bila kusita, na mizania isipolingana najua pa kuanzia kutafuta.

Ukaguzi wewe unao mikononi. Kila siku hapo kwenye saccos unashika vocha na mafaili ya wakopaji. Wakikuuliza utathibitishaje kwamba mikopo ipo kweli, likumbuke kabati lenu la mafaili: nani anaidhinisha, nani anatoa fedha, na je, ni mtu huyohuyo? Andika hayo.

Na kazi unazofanya zitunzie kumbukumbu tangu sasa. Ukishafaulu, NBAA, bodi ya wahasibu, watataka miaka mitatu ya uzoefu chini ya msimamizi kabla ya kukusajili kuwa ACPA, yaani mhasibu aliyeidhinishwa.

Sijawahi kukwambia kwa nini niling'ang'ania. Kazi yangu ya kwanza, mkubwa mmoja alileta vocha ya malipo isiyo na stakabadhi, anataka fedha siku hiyohiyo. Mimi nilishaishika kalamu. Mhasibu mkuu, mama mpole mwenye CPA, akaichukua vocha mbele yangu, akamrudishia: "Bila stakabadhi sisaini." Mkubwa akaondoka nayo. Nilitamani kusimama pale aliposimama yule mama, na nakutamania na wewe.

Madaftari yangu yote nimeyafunga kwenye boksi, kesho yanapanda basi la Mwanza. Ukiyafungua, anza na lile lenye jalada la kijani. Ada ya mtihani ilipie kabla hujanijibu barua hii.

Msalimie mama sana.

Wako,
Mwajuma