Pujols hakulewa fedha za Angels

Mhariri,

Makala yenu kuhusu nyota wa besiboli wanaosaini mikataba minono kisha wakadorora yamemtaja Albert Pujols kama mtu aliyelewa fedha. Napinga. Alianza kushuka kabla hajaondoka timu ya St. Louis Cardinals kwenda Angels ya Los Angeles.

Mwaka 2009 wastani wake wa kupiga, yaani mipigo iliyofanikiwa ikigawanywa kwa zamu zake rasmi za kupiga, ulikuwa 0.327, na mara 47 mpira wake ulivuka uzio. Mwaka 2010 ukawa 0.312 na mara 42. Mwaka 2011 ukawa 0.299 na mara 37. Bado ni mkali, lakini tazameni hesabu isiyopewa vichwa vya habari: besi za bure, yaani ruhusa ya kutembea hadi kituo cha kwanza, zile anazopata mpigaji kwa kuacha mipira minne ya nje ya eneo la straiki, eneo halali la mrushaji. Zilikuwa 115, zikawa 103, zikaanguka hadi 61. Ni kweli kwamba 44 kati ya zile 115 warushaji walimpa makusudi wakimwogopa, lakini hata ukizitoa zote zinabaki 71, bado nyingi kuliko zile 61.

Mikono ikianza kuchelewa, mpigaji hulazimika kuamua mapema. Anayeamua mapema hufuata mipira ya nje, na mipira hiyo huigusa tu ikabingirika chini. Mwaka huohuo wa 2011 Pujols aliongoza ligi ya National kwa mipira ya chini iliyozaa auti mbili kwa mpigo, yaani yeye na mwenzake kutolewa pamoja, mara 29. Miguu nayo ilikuwa mizito.

Angels wakampa miaka 10 kwa dola milioni 240, akikaribia kutimiza miaka 32. Na malipo yalipangwa kinyume na umri: milioni 12 mwaka 2012, milioni 16 mwaka 2013, milioni 23 mwaka 2014, kisha nyongeza ya milioni moja kila mwaka hadi 30 mwaka 2021. Ajabu ni nani aliyeketi mezani akalikubali hilo.

Aprili 2012 haukuvuka uzio mpira wake hata mmoja. Wa kwanza ulivuka tarehe 6 Mei. Siku chache baadaye kocha wa wapigaji akafukuzwa, kama tulivyozoea kwenye soka. Lakini Pujols alimaliza msimu na mipira 30 iliyovuka, kwa hiyo Aprili ile haikuwa na maana kubwa. Cha kutisha kilikuwa besi za bure: 52.

Mwaka 2013 unyayo wa kushoto ukamuuma. Kwa mpigaji wa kulia huo ndio mguu wa mbele. Usipokaza ardhini, kiuno hakizunguki kwa nguvu, na mpira hufia mikononi mwa walinzi wa nje. Alicheza mechi 99 tu.

Angels walimwachia Mei 2021, na mshahara wa mwaka ule ukabaki juu yao, kwa kuwa mikataba ya ligi ile haifutiki kwa sababu ya kiwango kushuka.

Mpenzi wa besiboli,
Dar es Salaam