Kabla ya Kuupiga Ukuta Maji ya Presha, Jua Doa Hilo Limetokana na Nini

Wateja wengi wanaotupigia simu huanza kwa kuuliza mashine yetu ya presha ina nguvu kiasi gani. Nguvu inayo. Lakini mara nyingi ndiyo kifaa cha mwisho kushushwa kwenye gari, na kuna kazi ambazo haishushwi kabisa. Kila doa la nje ya jengo lina chanzo chake, na dawa inayotoa doa moja inaweza kuligandisha jingine lisitoke tena.

Tuanze na ule unga mweupe unaojitokeza kwenye matofali ya kuchoma na kwenye lipu. Wengi hudhani ni rangi inayopauka, au ukungu. Ni chumvi. Maji yakishaingia ukutani huyeyusha chumvi iliyomo kwenye tofali, kwenye saruji au kwenye udongo wa chini, kisha hujipenyeza nayo hadi nje. Yakikauka, chumvi inabaki usoni. Ukiimwagia maji inayeyuka, sehemu yake inarudi ndani, na ukuta ukikauka inatoka tena. Ndiyo maana sisi huanza na brashi kavu, tukikusanya unga wote usibaki kwenye msingi, halafu tunatafuta maji yanaingilia wapi: gata iliyopasuka, bomba linalovuja ndani, au udongo wa bustani uliorundikwa hadi juu ya msingi. Njia hiyo isipozibwa, chumvi itarudi, na tunamwambia mteja hivyo kabla hajatoa pesa.

Weusi na ukijani wa upande usiopata jua ni habari nyingine. Hapo kuna viumbe hai, mwani na kuvu, waliojishikiza ndani ya vitundu vidogo vya ukuta. Presha peke yake huondoa wanaoonekana na kuwaacha waliojificha, nao huchipua upya. Tunalowesha ukuta kwanza, tunapaka dawa ya klorini iliyozimuliwa kuanzia chini kwenda juu ili isichuruzike na kuacha michirizi, tunaipa muda ifanye kazi, kisha tunasuuza vizuri kutoka juu. Mimea iliyo karibu tunaimwagia maji ya kutosha kabla na baada ya kazi.

Sasa chukua klorini hiyohiyo uipake kwenye michirizi ya kutu iliyotoka kwenye nondo za dirisha. Kutu haitoki, na mara nyingi inazidi kukolea. Kutu ya kwenye saruji hutolewa kwa asidi, na ile tunayoitumia zaidi ni asidi ya oksaliki. Lakini asidi nayo ni adui wa marumaru na mawe ya chokaa: inayala. Ukitaka kujua jiwe lako ni la aina gani, dondoshea tone la siki mahali pasipoonekana. Likitoa mapovu, asidi isikaribie ukuta huo.

Na jambo hili tunaomba lisomwe mara mbili: dawa ya klorini isichanganywe kamwe na asidi, wala na amonia. Mchanganyiko huo hutoa gesi zinazounguza mapafu, hata ukiwa nje mahali penye upepo. Kama umeshapaka moja na haikufaa, usimwagie nyingine juu yake. Suuza ukuta wote, uache ukauke, kisha utuambie ulipaka nini.

Mafuta yaliyozama kwenye jiwe au sakafu ya veranda hayasuguliki, bali hunyonywa. Tunachanganya udongo mweupe laini na kiyeyushi, tunabandika uji huo mzito juu ya doa, tunaufunika kwa nailoni, kisha tunaufunua ukauke. Unapokauka huvuta mafuta kutoka ndani. Doa la zamani huhitaji kurudiwa, na anayekuahidi kulimaliza kwa mkono mmoja anakuharakisha.

Kuhusu presha yenyewe. Tofali la kuchoma lina ngozi ngumu iliyotokana na moto wa tanuri, na ngozi hiyo ikishabanduliwa kwa maji makali au mchanga, hakuna dawa ya kuirudisha. Ndani ni laini, hunywa maji ya kila mvua, na ukuta huchafuka haraka kuliko mwanzo. Chokaa ya zamani kati ya matofali nayo huchimbika kirahisi. Kwa nyumba kuukuu tunatumia presha ndogo na brashi ya nailoni. Brashi ya chuma tunaikataa, kwa sababu huacha vipande vidogo vinavyoota kutu baadaye. Paa la asbesto haliguswi na presha kwa hali yoyote, kwani nyuzi zake huachiliwa na kusambaa, nazo husababisha saratani. Rangi ya zamani sana nayo hupimwa kwanza, maana huenda ina madini ya risasi, yenye sumu.

Ukitaka tukufanyie tathmini, tutumie picha mbili: moja ya doa kwa karibu, nyingine ya ukuta wote pamoja na paa na gata zilizo juu yake. Tuambie jengo lina umri gani, ukuta umejengwa kwa nini, na kama doa huongezeka mvua zikinyesha. Tukifika tutajaribu dawa kwenye kona iliyojificha na kuiacha ikauke kabisa, kwa kuwa ukuta uliolowa hauonyeshi rangi yake halisi. Ukiridhika na kona hiyo, ndipo tunapanga siku ya kazi.