Barua ya wazi kwa vijana mlioingia kazi ya Leta

Wana wangu mnaofanya kazi katika ofisi za Leta, yaani za serikali, hapa Lubumbashi,

Nawaandikia nikiwa na hasira, na sitaificha. Majuzi nilikuwa nimeketi kwenye benchi ya ofisi moja ya mji huu, jina lake nalihifadhi, akaingia mama mjane kutoka Katuba. Marehemu mume wake alikuwa mtumishi wa serikali, naye anafuatilia haki zake. Alileta barua na nakala yake. Kijana aliyempokea hakuifungua. Aliitupa juu ya lundo la karatasi lililo dirishani. Mama akamnyooshea ile nakala: "Mwanangu, nipigie muhuri kwamba mmepokea." Akajibiwa: "Mama, shefu haiko, urudie kesho." Barua yake ya kwanza aliileta kabla ya mvua kuanza, na hakuna anayejua ilikoishia. Mezani pa kijana yule palikuwa na simu mbili na chupa ya maji. Rejista haikuwapo.

Tangu lini muhuri wa kupokea barua ukamngoja shefu? Nambari, tarehe, jina la mletaji, maneno machache juu ya jambo lenyewe, sahihi ya mpokeaji. Kazi ya dakika moja. Sisi tulipoingia kazini, kitu cha kwanza kukabidhiwa kilikuwa rejista ya barua zinazoingia, kabla hata ya kuonyeshwa kiti. Kurasa zake zilihesabiwa na kutiwa sahihi moja moja kabla daftari halijaanza kutumika, ili asitokee wa kuchana. Ukikosea, ulikata kwa mstari mmoja tu, ili kilichoandikwa chini kiendelee kusomeka. Barua ikitoka biro moja, yaani ofisi moja, kwenda nyingine, ilisindikizwa na daftari la kupitisha, na aliyeipokea alitia sahihi. Mkaguzi alipofika hakuwa na haja ya kupiga kelele. Aliweka kidole kwenye mstari na kufuata: iliingia tarehe hii, ikafika kwa fulani, kwa fulani ikalala miezi mitatu. Basi fulani alijieleza, na jasho lilimtoka.

Mnaona kwa nini naling'ang'ania jambo hili? Ngazi zote za utawala, kuanzia mhudumu wa mlangoni, shefu wa biro, shefu wa divizio, mkurugenzi, hadi secrétaire général, mtumishi mkuu wa wizara, zinashikana kwa maandishi. Secrétaire général yuko Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapa. Meza yako haioni. Gavana naye haioni. Inspection générale des finances, wakaguzi wa fedha za Leta, iliyoundwa mwaka 1987, ikija na kukuta hakuna karatasi, itabaki na maneno ya mdomoni. Anayeweza kuwadhibiti kila siku ni yule raia aliyesimama mbele yenu, na hana kitu mkononi zaidi ya nakala yenye muhuri. Mkimnyima hiyo, hamna tena anayewadhibiti.

Wala msiniambie ni kusahau tu. Barua isiyo na nambari inaweza kupotea, na ikishapotea anajitokeza mtu wa kuitafuta kwa makuta, yaani pesa. Ndivyo watu wanavyouziwa barua zao wenyewe. Kwenye état civil, ofisi ya kuandikisha vizazi, ni yale yale: sheria inampa mzazi siku 90 za kuandikisha mtoto aliyezaliwa, akizungushwa kwa "urudie kesho" mpaka zipite, itabidi aende mahakamani kutafuta hukumu. Uzembe ni wenu, gharama ni zake.

Mengine nayataja tu. Kifungu cha 193 cha Katiba ya Kongo ya 2006 kinasema utawala wa umma hauna siasa na hauegemei upande: fulana ya chama ibaki nyumbani. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 inataka watumishi waajiriwe kwa mashindano: ndugu yako naye apitie mlango huo. Toeni risiti kwa kila franga. Usitie sahihi usichokisoma. Ukihamishwa, kabidhi ofisi kwa maandishi.

Najua mtanijibu: "Papa, na sisi tunakula nini?" Wanangu, swali hilo ni la haki, na linaniumiza. Wengi wenu ni wale wanaoitwa nouvelles unités: mnaamka alfajiri, mnafanya kazi mwaka baada ya mwaka bila matrikule, ile nambari ya mtumishi, wala mshahara, mkingoja jina litoke Kinshasa. Mbele yenu wamekaa wazee wa rika langu ambao umri wa kustaafu umewapita, kwa sababu wanajua kuondoka bila malipo ya mwisho ni kwenda kufa njaa. Leta inayoajiri bila kulipa inamfundisha mtumishi wake kuwinda raia. Aibu hiyo ni ya walio juu, na wasisukume lawama kwenu.

Nasi wazazi tusijitoe. Mtoto akijenga nyumba Golf, mtaa wa matajiri, baada ya miaka miwili ya mshahara usiotosha kodi, tunampa kiti cha mbele kanisani. Anayerudi jioni na mkate peke yake tunamwita mjinga, mbele ya watoto wake. Tunawatuma kuiba, halafu tunalalamika ofisi zimeoza.

Lakini muhuri kwenye nakala haungoji mshahara. Jumatatu fungueni daftari, chorani safu, mwanze na nambari 1. Lundo la zamani nalo liandikwe, barua moja moja, hata kama litawachukua mwezi. Shefu akikataa, mwandikieni barua kumwomba ruhusa, na mbaki na nakala. Ofisi ikikosa pesa ya daftari, semeni: sisi wastaafu tutachanga tulinunue, na wenye macho bado tutakuja kuketi nanyi asubuhi kuwaonyesha linavyojazwa. Hatutadai malipo.

Mzee wenu,
mstaafu wa kazi ya Leta, Lubumbashi