Kaa koko: tazama paji na kifundo, si rangi

Sahibu yangu,

Salamu nyingi za huku. Orodha yako ya kaa uliowakusanya nimeisoma yote, na picha nimezikuza mpaka zikafifia. Wale sita uliowaandika Scylla olivacea kwa kuwa ni weusi, wafute. Ni Scylla serrata, kaa koko wetu yuleyule. Weusi wake ni wa matope na vivuli vya mikoko anamoishi. Hautoshi kumpa jina. Jenasi hiyo ya Scylla, yaani kundi la kaa koko, ina spishi nne, na pwani yetu ya Afrika Mashariki inaye serrata peke yake. Hao watatu wengine ni wa huko Asia.

Mtazame paji kwanza. Kati ya macho ana meno manne. Ya serrata ni marefu, yamechongoka, ya olivacea ni mafupi ya mviringo. Kisha shika gando uangalie kifundo, ile pingili iliyo kabla ya kiganja. Upande wa nje serrata ana miiba miwili iliyosimama wazi; olivacea huwa na mmoja tu, tena umedumaa. Mwisho, serrata ana michoro ya pembe nyingi, kama wavu, kwenye magando na miguu yote. Miguu ya nyuma iliyobapa kama kasia haikusaidii hapa, maana karibu jamaa zake wote wa familia ya Portunidae wanayo. Na gando lililoota upya baada ya kung'oka huwa dogo kuliko mwenziwe, basi usilitumie kupima.

Hapohapo rekebisha na wale uliowaita Portunus pelagicus. Tangu 2010 wa upande wetu wa bahari huitwa Portunus segnis. Utamjua kwa jino la tisa la ubavuni, refu kama mkuki, ilhali ya kaa koko yote tisa karibu yanalingana. Hawa wawili, serrata na segnis, walipewa majina na Forskål, mtafiti wa viumbe, kwa kaa wa Bahari ya Shamu katika kitabu cha 1775. Mwenyewe hakukiona, alifia Yemen 1763.

Vitabu vya zamani vya Asia vitumie kwa hadhari. Kabla ya mtafiti Keenan na wenzake kuipanga upya jenasi ya Scylla mwaka 1998, wengi waliandika serrata kwa kaa koko yeyote. Kwa hiyo vipimo vya ukuaji unavyonakili humo huenda ni vya spishi nyingine kabisa.

Jinsia nayo umekosea mara mbili. Kifuniko cha tumbo chenye pembetatu si lazima awe dume: jike ambaye hajapevuka naye anacho, ila kipana kidogo. Kifunue. Dume ana jozi mbili za vijiti vigumu, jike ana jozi nne za viungo vyenye manyoya, ndipo mayai yatakaposhika. Akishapevuka, kifuniko hupanuka kikawa mviringo na kukolea rangi.

Kumpasua, mlaze kwanza kwenye barafu mpaka asijikunje hata ukimgusa jicho. Ingiza kisu bapa kwa nyuma, baina ya gamba na miguu ya kasia, uinue polepole huku ukibandua ngozi ya ndani. Ukivuta kwa pupa moyo unachanika, maana uko chini tu ya gamba, katikati, na tezi ya manjano, ya kumeng'enyea chakula, inapasuka ikawa mchuzi usioona kitu ndani yake. Tezi hiyo ni laini kama uji. Ovari iliyoiva ni ya rangi ya chungwa, ina chembechembe, imekaa kama herufi H. Wengi huzichanganya, sokoni zote mbili ni "mafuta".

Matamvua ni manane kila upande. Vile vipele vyeupe vyenye kishina ulivyoviandika "mayai" si mayai: ni Octolasmis, viumbe wadogo wanaojishikiza kwenye matamvua, jamaa wa wale wanaoganda chini ya ngalawa. Mayai hayakai huko hata siku moja. Wahesabu uwaandike safu yao wenyewe.

Upana wa gamba pima kutoka ncha hadi ncha ya jino la tisa. Ncha ikiwa imevunjika, pima kwenye pengo la kati ya jino la nane na la tisa, na uandike kwamba umepima hapo. Safari ijayo piga picha kwa mbele, usawa wa macho ya kaa. Hizi za juu zimenificha vifundo.

Wako,
Sahibu yako