Risala ya Vijana wa Ngarenaro na Unga Limited kwa Mgeni Rasmi, Mganga Mkuu wa Mkoa wa Arusha, Siku ya Bonanza

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mganga Mkuu wa Mkoa wetu wa Arusha;
Waheshimiwa Madiwani, Watendaji wa Kata na Wenyeviti wa Mitaa;
Viongozi wetu wa dini, wazazi wetu, na machalii wote mliokuja kucheza na kushangilia;

Itifaki imezingatiwa.

Tunakushukuru kwa kufika, maana tunajua Jumamosi ya daktari ina wenyewe. Tulipobandika tangazo kwamba mgeni rasmi wa mwaka huu ni daktari, kuna waliouliza kijiweni kama tunaletewa chanjo. Wengine walisema kwa jambo tunalotaka kulisema leo angefaa kamanda wa polisi. Polisi tunawaheshimu, na polisi kata wetu yupo hapa, amekaa pale nyuma ya goli. Ila polisi huitwa mtu akishalala chini. Yanayotangulia hapo ndiyo yaliyotufanya tubishe hodi ofisini kwako.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Vijana tunauana. Shirika la Afya Duniani liliwahi kukadiria kwamba kila mwaka vijana wapatao 200,000 wenye umri wa miaka 10 hadi 29 huuawa duniani. Hao ni zaidi ya asilimia 40 ya watu wote wanaouawa, na wengi wao mno ni wa kiume. Mwaka 1996 Baraza la Afya Duniani lilipitisha azimio la kuutambua ukatili kuwa tatizo kubwa la afya ya jamii. Miaka yote hiyo imepita, lakini kijana akichomwa kisu mtaani kwetu, maelezo ni yale yale: malezi mabovu, makundi, simu. Baada ya hapo watu hutawanyika, hadi msiba mwingine.

Kipindupindu kikiingia Arusha, ofisi yako haianzi kwa kuwasema wanaoharisha. Inauliza wanakaa mtaa gani, wamekunywa maji wapi, na wa kwanza kuugua alikuwa nani. Ndivyo alivyofanya Dakta John Snow huko London mwaka 1854, alipofuatilia vifo nyumba kwa nyumba hadi akafika kwenye pampu ya Broad Street. Daktari mwingine, Gary Slutkin, alipambana na kipindupindu kwenye kambi za wakimbizi Somalia. Aliporudi kwao Marekani akaona mauaji ya vijana wa Chicago yanajikusanya kwenye ramani vile vile, na tukio moja linazaa jingine. Mwaka 2000 akaanzisha mpango wa kuwatumia watu wanaosikilizwa mitaani, wakiwemo waliowahi kuwa wahalifu, kuzima ugomvi kabla haujatoa roho.

Hayo ya kujikusanya sisi tunayaona kwa macho. Mwenzetu mmoja, ambaye hatutamtaja kwa sababu mama yake amekuja kututazama, alichomwa bisibisi ya shingo kwenye ugomvi wa shilingi elfu mbili za mkeka wa kubeti. Ilikuwa Jumamosi usiku, nje ya grosari, kwenye kona isiyo na taa. Aliyemchoma walikaa dawati moja shule ya msingi, na sasa yuko gereza la Kisongo. Chukua tukio jingine lolote tunalolikumbuka, utakuta mwisho wa wiki, utakuta pombe, utakuta watu wanaojuana, na kiini cha ugomvi ni kitu ambacho mtu mzima angecheka.

Mwenzetu huyo alipofikishwa hospitali, swali la kwanza lilikuwa PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi. Hatutaji ni hospitali gani na hatukuja kushtaki mtu. Ila wakati karatasi inatafutwa, rafiki zake walikuwa wamekaa kwenye ukingo wa ukuta nje ya geti, wanagawana majukumu: nani anajua anakolala yule jamaa, nani ana panga. Aliyewatoa pale ni mama muuza chai. Alikaa nao, akawamiminia chai bila kudai hela, akawaambia ataanza kupiga kelele wakiondoka. Wakabaki hadi asubuhi. Mama yule hana cheti chochote, Mheshimiwa, lakini usiku ule alizuia msiba wa pili.

Huko Cali, nchini Kolombia, Dakta Rodrigo Guerrero alipochaguliwa kuwa meya mwaka 1992 aliyashughulikia mauaji kama mtaalamu wa magonjwa ya mlipuko. Watu waliamini kila kitu ni wauza dawa za kulevya. Alipohesabu, akaona mauaji mengi yanaangukia mwisho wa wiki, siku za sikukuu na siku za mishahara, na pombe imo. Akapunguza saa za kuuza pombe na kuzuia watu kutembea na bunduki siku hizo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulikuta kwamba siku za katazo la bunduki mauaji yalikuwa chini kwa takriban asilimia 14. Scotland nao, ambako silaha ni kisu kama huku kwetu, walianzisha kitengo maalumu Glasgow mwaka 2005 kilichounganisha polisi, hospitali, shule na waajiri, na katika miaka kumi iliyofuata mauaji nchini humo yalipungua kwa zaidi ya nusu. Hata sisi si wageni wa hatua za aina hii. Machi 2017 Serikali ilipiga marufuku viroba, ile pombe kali ya vipakiti, vikatoka madukani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Tukisema haya, wapo wanaodhani tunasema masikini ni wauaji. Hapana. Bibi zetu kule vijijini ni masikini kutuzidi na hawachomani visu. Amerika ya Kilatini na Karibi si sehemu masikini kuliko zote duniani, lakini zinabeba takriban theluthi ya mauaji yote ya dunia zikiwa na watu wasiofika hata asilimia 10. Wanaolinganisha nchi na nchi wanakuta pengo kati ya aliyenacho na asiyenacho linakwenda pamoja na mauaji.

Na Arusha pengo hilo liko barabarani kila siku. Gari moja la watalii kushuka kreta ya Ngorongoro linalipiwa zaidi ya dola 250. Likirudi na vumbi lake, chalii wa kwetu analiosha kwa elfu tano akiwa na bahati. Analiosha vizuri, mpaka ndani ya rimu, huku akisikia dereva anaongea na mgeni kuhusu hoteli ya Njiro. Jioni anarudi chumba anacholala na wenzake wanne. Kijana huyu ana miaka 20 na hakuna mahali anaitwa bwana fulani. Kilichobaki mkononi mwake ni heshima ya kijiweni. Ndiyo maana mtu akimpiga kikumbo mbele ya wenzake, au akamnyima elfu mbili yake, kwake si elfu mbili tena.

Halafu kuna mauaji ambayo hata hatuyahesabu. Kijana anashukiwa kuiba simu, kelele za mwizi zinapigwa, tairi linaletwa. Kesho redio inasema ameuawa na wananchi wenye hasira kali, habari imekwisha. Anayekufa ni kijana na wanaorusha mawe wengi ni vijana. Wazee wanasimama pembeni. Aliyetafuna fedha za mradi wa maji hajawahi kuletewa tairi, tena akija kwenye harambee anapewa kiti cha mbele.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Kila mwaka risala yetu huomba jezi na mipira. Jezi bado zimechakaa, utaziona sasa hivi, ila mwaka huu hatuziombi.

Tunaomba daftari. Kila majeruhi wa kupigwa au kuchomwa anayefika hospitali ya mkoa na vituo vya afya vya jiji, yaandikwe mahali alipoumizwa, saa, silaha, umri, na kama alikuwa amekunywa. Jina lake hatulihitaji. Kila mwezi hesabu hiyo iletwe kwenye kikao cha kata, tukae na mtendaji, polisi kata, wenye grosari na sisi wenyewe, tujue ni kona gani na saa ngapi. Taa za barabarani zikija, zianzie kwenye kona hizo.

Tunaomba damu izuiwe kwanza, PF3 ifuate. Na tunaomba afisa ustawi wa jamii awepo zamu ya Ijumaa na Jumamosi usiku, kwa sababu majeraha yetu hayafuati saa za ofisi. Akae na majeruhi kitandani, kisha atoke getini akae na wale wa ukutani. Sisi tumejitolea kumpa vijana wa kushika zamu naye, wanaojulikana vijiweni na wanaosikilizwa.

Kwa Waheshimiwa Madiwani: asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inatengwa kwa mikopo, na katika hiyo 4 ni za vijana. Kijana asiye na kitambulisho cha taifa cha NIDA wala mdhamini hafiki hata mlangoni, na huyo ndiye anayelala na bisibisi. Tunaomba msaada wa kumsajili uanzie hapa mtaani, kwa wenyeviti wetu.

Mechi ya kwanza inaanza risala hii ikiisha. Mama muuza chai yupo upande wa kulia wa jukwaa, na tungependa, Mheshimiwa, kabla hujapiga mpira wa ufunguzi, umsalimie.

Tunaomba kuwasilisha.