Seti Ipi ya Simfonia za Sibelius

Dar es Salaam,
Jumapili usiku

Ndugu yangu mpendwa Idrisa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Barua yako niliipata juma lililopita, na kilichonichelewesha kujibu ni swali lako la mstari mmoja, ambalo limenifanya nizitoe kabatini seti zangu zote za diski za Sibelius, yule mtunzi wa Ufini, na kuzisikiliza upya usiku baada ya usiku. Unasema fedha uliyonayo inatosha seti moja tu ya simfonia zake saba, zile kazi zake ndefu za okestra, na unataka kujua uchukue ya nani.

Watu wengi huipima seti kwa Simfonia ya Pili na ya Tano kwa kuwa ndizo zinazojulikana, nami naona hapo ndipo wanapopotea, kwani hizo mbili zina nguvu zake zenyewe na ni nadra kiongozi wa okestra mwenye uzoefu akaziharibu. (Naandika "kiongozi" kwa makusudi, maana kondakta kwetu huku ni wa daladala.) Mimi huanza na ya Nne. Hiyo ilipigwa kwa mara ya kwanza mwaka 1911, miaka mitatu baada ya mtunzi kupasuliwa uvimbe wa kooni na kuanza kuishi kwa hofu kwamba ungerudi. Mwishoni kabisa ala za nyuzi hutoa sauti chache za wastani, zisizo za kunong'ona wala za kupaza, kisha kimya. Hakuandika popote kwamba mwendo upungue. Kiongozi anayeuburuta mwendo mahali hapo anatudai machozi ambayo Sibelius mwenyewe hakuyadai, nami nikishamsikia akifanya hivyo humtilia shaka katika zile sita zilizobaki. Katika sehemu hiyohiyo ya mwisho lipo pia suala la kengele. Kwenye nota limeandikwa neno la Kijerumani lenye maana ya kengele, basi wakagawanyika: wako wanaotumia vipande vidogo vya chuma vinavyogongwa kwa vinyundo, na wako wanaoning'iniza mabomba marefu yanayolia kama kengele za kanisani. Mimi ni wa vyuma vidogo, kwa sababu mabomba huigeuza habari ya siri kuwa tangazo.

Robert Kajanus, kiongozi wa okestra na rafiki wa Sibelius wa miaka mingi, alirekodi ya Kwanza, ya Pili, ya Tatu na ya Tano mwanzoni mwa miaka ya 1930, akafariki mwaka 1933, kwa hiyo kwa hesabu yako yeye hayumo. Ya Lorin Maazel na okestra ya Vienna, ya miaka ya 1960, ina ya Nne kali sana, lakini zilizobaki sizirudii mara kwa mara. John Barbirolli na okestra ya Hallé ya Manchester ndio niliowapenda nikiwa kijana. Walirekodi kati ya 1966 na 1970, mwaka aliofariki, na kwa kuwa yeye mwenyewe alianza maisha ya muziki kama mpiga selo, ile fidla kubwa ya sauti nzito, selo zake huimba kama watu. Ya Pili yake bado hunisimamisha nywele. Hata hivyo ya Sita inamwelemea: fidla haziangukii pamoja kila mara, na joto lile lililokuwa baraka katika ya Pili hapa linakuwa uzito.

Ninayetaka kukueleza kwa kirefu ni Paavo Berglund, ambaye alizirekodi zote saba mara tatu: na okestra ya Bournemouth katika miaka ya 1970, na ya Helsinki katika miaka ya 1980, kisha miaka ya 1990 akiwa na Chamber Orchestra of Europe, yenye wapigaji wachache kuliko okestra kubwa za kawaida. Alikuwa mpiga fidla aliyeshika kila kitu kwa mkono wa kushoto, hata fimbo ya kuongozea. Alipokuwa akiiandaa ya Saba aligundua kwamba nota zilizochapishwa zilikuwa na makosa mengi, akayafuatilia mpaka toleo lililosahihishwa likatoka mwaka 1980. Mtu wa aina hiyo hasikilizi kwa kukisia. Juzi niliuweka mwanzo wa ya Sita wa Bournemouth, kisha ule wa seti yake ya tatu. Kwanza nilisikia fidla zote kama pazia moja zuri. Mara ya pili pazia lilikuwa limefumuliwa, nami niliweza kufuata kila uzi unapoingia, unapompisha mwenziwe na unapokatika. Hapo ndipo ushindani ulipoishia kwangu.

Mpinzani wake wa kweli ni Osmo Vänskä na okestra ya mji wa Lahti, waliorekodi miaka hiyohiyo ya 1990. Vänskä alikuwa mpiga klarineti, na ya Kwanza hufunguka kwa klarineti iliyo peke yake juu ya mngurumo wa timpani, zile ngoma kubwa za okestra. Sauti yenyewe ni ndogo kiasi kwamba pangaboi langu liliimeza. Nikapandisha sauti ya redio, nikaridhika, na okestra nzima ilipolipuka jirani alimtuma mwanawe kuja kuuliza kama kabati limeanguka. Kwa nyumba zetu hizi za madirisha wazi, seti hiyo ni mtihani.

Hata hivyo Vänskä ndiye aliyeirekodi pia ya Tano kama ilivyokuwa mwaka 1915, ikiwa na sehemu nne, kabla Sibelius hajaiandika upya hadi kufikia umbo la 1919 tunalolijua. Unayakumbuka yale mapigo sita ya kufungia, yenye ukimya katikati unaomfanya mtu ajizuie kupumua? Mwaka 1915 ukimya huo haukuwepo, maana ala za nyuzi zilikuwa zikitetemeka chini yake muda wote. Nilipoisikia nilirudisha nyuma mara tatu.

Kwa hiyo nunua Berglund, ile ya tatu. Diski ya Tano ya 1915 nitakuazima: nitaikabidhi kwa basi la Ijumaa ikiwa imefungwa ndani ya khanga kuukuu, na tafadhali uzime feni kabla ya kuiweka.

Wako,
Hamisi